Mtoto mchanga alale wapi?



Wiki hii tuanze na jambo linaloonekana dogo. Mama ametoka wodi ya wazazi pale Ligula, Mtwara mjini. Amefika nyumbani, vigelegele vimepigwa, uji umeinjikwa. Ndipo linapozuka swali: kichanga alazwe wapi? Bibi mzaa baba anasema alale na mama yake, kwani miezi tisa yote alikuwa amelala na nani? Shangazi aliyekuja kutoka Dar es Salaam amenunua kitanda kidogo cha mtoto, chenye vizuizi pande zote, na hataki kuona fedha yake inakaa bure. Baba yeye anauliza tu: na mimi je, nitalala wapi?

Tusicheke. Swali hili lina historia ndefu katika pwani yetu ya kusini, tangu Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma. Na si kila aliyelijibu alikuwa akimfikiria mtoto.

Jibu la kwanza ni la wazee wetu. Katika pwani ya Waswahili mzazi hukaa ndani siku 40. Katika siku hizo hatwishwi mzigo, hapikii wageni, na kichanga yuko ubavuni pake, kitandani au mkekani, amefunikwa kanga. Wazee hawakuwa na kipimajoto, lakini walijua kwamba kichanga hupoa upesi, na kwamba ziwa halifai kuwa mbali na mdomo wake. Walijua pia kwamba mama aliyechoka hawezi kuamka mara tano usiku kwenda chumba cha pili.

Jibu la pili lilikuja na wakoloni, nalo lilikuwa na sura nyingine kabisa. Mwaka 1897, huko India, daktari wa Kiingereza Ronald Ross aliwaona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Miaka michache baadaye, mnamo 1900, wataalamu wawili, Stephens na Christophers, walichunguza damu ya watoto wa Kiafrika huko Afrika Magharibi. Waliwakuta wengi wana vijidudu hivyo, ingawa walikuwa wakicheza kama kawaida. Je, unadhani ushauri wao mkubwa ulikuwa kwamba watoto wale watibiwe? La hasha! Walishauri kwamba Mzungu ajenge nyumba yake mbali nao. Kwa maneno mengine, swali la mtoto wa Mwafrika alale wapi lilijibiwa hivi: alale mbali na sisi.

Fikra ya kutenga makazi iliingia katika ramani za miji mingi ya kikoloni. Hata mji wetu wa Mtwara, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mpango wa karanga na bandari yake, ulipangwa kwa rangi za watu. Shangani, penye upepo wa bahari, palikuwa pa Wazungu. Iwe hoja ilikuwa mbu au ilikuwa rangi tu, mtoto wa kibarua hakupewa chandarua. Alipewa umbali.

Lakini mbu hajui ramani. Mwaka 1952 uliingia ugonjwa mpya katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Watu walipata homa kali ya ghafla, na viungo viliuma hata mtu akashindwa kusimama wima. Wamakonde wakauita chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu, na kwa jina hilo hilo la Kimakonde ugonjwa huo unajulikana leo duniani kote. Wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa virusi cha Entebbe, Uganda, walikuja kuuchunguza, na kirusi chake kikapatikana katika damu ya wagonjwa.

Walimkuta adui wapi? Ndani ya nyumba. Uwanda wa Makonde hauna mito. Akina mama walishuka mabondeni na kupanda tena na maji kichwani, na maji yaliyopatikana kwa jasho namna hiyo hayamwagwi. Yaliwekwa katika mitungi siku nyingi, chumbani, karibu na mahali pa kulala. Humo humo mbu aina ya Aedes alitaga. Na mbu huyu hangoji usiku. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, wakati ule ule ambao kichanga analazwa mkekani na watu wakubwa wanasema, mbu bado. Mwaka 2004 ugonjwa huo ulizuka Lamu wakati wa ukame, na huko pia watu walikuwa wamehifadhi maji majumbani.

Somo la Newala, kwa hiyo, ni kwamba haitoshi kuuliza mtoto alale kitanda gani. Tuulize pia kitanda hicho kiko jirani na nini. Mtungi uliofunikwa vizuri na kusuguliwa kila wiki ni sehemu ya malazi ya mtoto.

Baada ya hapo ikaja zama ya chandarua chenye dawa. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Ifakara walivisambaza vyandarua hivyo katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 vyandarua hivyo viliongeza uwezekano wa kuishi kwa asilimia 27. Mwaka 2004 Serikali ilianzisha Hati Punguzo, ambapo mama mjamzito aliyefika kliniki alipewa hati ya kununulia chandarua kwa bei nafuu. Kisha mwaka 2013 mikoa ya kusini, Mtwara, Lindi na Ruvuma, ndiyo iliyoanza kugawiwa vyandarua kupitia shuleni.

Hapo ndipo historia inapoingia chumbani kwetu. Mtoto wa darasa la tatu anarudi na chandarua begani, kimoja tu. Kinakuwa cha nani? Mara nyingi hufungwa juu ya kitanda kikubwa cha mwenye nyumba, na penye njaa hata dagaa huvuliwa kwacho. Kichanga, ambaye hawezi hata kupunga mkono kumfukuza mbu, anaachiwa kanga.

Aidha, sayansi imezunguka dunia na kurudi kwa bibi. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, mahali palipokuwa na upungufu wa mashine za kutunzia watoto njiti, madaktari walianza kuwaweka watoto hao kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi tano, Muhimbili yetu ikiwamo. Watoto wenye uzito mdogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache zaidi, kwa robo nzima, kuliko waliosubiri hali zao zitulie kwanza. Nao Wazungu, waliowalaza watoto wao kifudifudi kwa ushauri wa madaktari, walipobadili na kuwalaza chali katika miaka ya 1990, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua sana.

Basi shangazi asinune. Kitanda chake si kibaya, mradi kikae ubavuni mwa kitanda cha mama, chandarua kikifunika vyote viwili, usiku na mchana. Mtoto alazwe chali, pasipo mito wala nguo za kumziba pua. Bibi naye akubali kwamba kitanda kimoja na baba aliyetoka kunywa uraka si malazi ya kichanga, kwani mlevi hajui amemlalia nani. Msimu wa korosho baba huyo atandikiwe mkeka sebuleni. Hatakufa.

Na kama chandarua nyumbani ni kimoja, ndugu zangu, mwenye nacho tayari amezaliwa. Kinga ni bora kuliko tiba.

Tusikilizane wiki ijayo.