Kifaduro na chembe nyeupe za damu kwa watoto wachanga

Kifaduro huletwa na bakteria Bordetella pertussis, aliyetambuliwa mwaka 1906 na Jules Bordet na Octave Gengou. Mtoto mkubwa hukohoa mfululizo, kisha huvuta pumzi kwa mlio. Mtoto mchanga aghalabu hana nguvu za kukohoa hivyo: pumzi husita, midomo hugeuka rangi, titi hulikataa. Homa ni ndogo au haipo, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Damu husema zaidi. Bakteria hung'ang'ania kuta za njia ya hewa na kumwaga sumu. Sumu hiyo huzizuia limfositi, aina mojawapo ya chembe nyeupe, zisitoke kwenye mishipa kwenda kwenye tezi. Hivyo hurundikana katika damu. Mtoto mwenye afya anaweza kuzaliwa na chembe nyeupe zinazokaribia 30,000 kwa mikrolita, idadi inayoshuka siku chache baadaye, kwa hiyo kipimo hakisomwi bila kujua umri wake. Kifaduro kikali huweza kuipandisha kupita 50,000, mara nyingine hata 100,000. Hapo chembe huziba mishipa midogo ya mapafu, shinikizo hupanda na moyo huelemewa. Oksijeni peke yake haitoshi. Hospitali kubwa hujaribu kubadilisha damu ya mtoto, nako kukichelewa hakusaidii sana. Azithromisini huua bakteria, lakini haiondoi sumu iliyokwisha kushika chembe.

Kwa anayeishi mbali kama Ndau, kisiwa cha Wabajuni kati ya Pate na Kiwayu, safari ya kwenda hospitali ya Faza au ya Lamu ni ya chombo, na bahari ya kusi haina subira na mgonjwa. Pumzi inayosita ni sababu tosha ya kuondoka. Mlio wa kikohozi hausubiriwi.

Kenya ilianza kutoa chanjo ya pentavalenti, yenye kinga ya kifaduro, mwaka 2001, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kabla ya wiki hizo mtoto hutegemea afya ya walio karibu naye: mama, bibi, ndugu wanaokohoa "mafua tu". Sindano ya pepopunda apewayo mjamzito haina kinga ya kifaduro. Uingereza ilianza kuwachanja wajawazito dhidi yake mwaka 2012, baada ya vifo vya watoto wachanga kuongezeka, na kinga ya mama ilionekana kuwalinda wengi wao hadi umri wa chanjo zao wenyewe.