Kibali cha malori ya mizigo nchini Marekani

Kibali cha malori ya mizigo nchini Marekani hutolewa na FMCSA, taasisi ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori na mabasi, kwa kampuni zinazobeba mali za watu kwa malipo kutoka jimbo hadi jimbo. Anayebeba bidhaa zake mwenyewe hakihitaji. Kupewa kibali ni mwanzo tu. Hudumu kwa hati zilizo hai, na zile nzito huwasilishwa na watu wengine, si mwenye lori. Kampuni ya bima hutuma fomu BMC-91 au BMC-91X kuthibitisha kinga isiyopungua dola 750,000 kwa malori makubwa ya mizigo ya kawaida, na dola milioni 5 kwa baadhi ya shehena za hatari. Fomu BOC-3 hutaja wakala wa kupokea hati za mashtaka katika kila jimbo ambamo lori hupita. Mwenye kampuni naye huhuisha taarifa zake kila miaka miwili kwa fomu MCS-150. Tarakimu ya mwisho ya namba yake ya usajili ya USDOT (wizara ya uchukuzi ya Marekani) ndiyo inayompangia mwezi wa kufanya hivyo.

Utaratibu huu humlinda kwanza mtu baki barabarani. Lori la Texas likimjeruhi mkazi wa Ohio, majeruhi anahitaji mahali pa kufikisha mashtaka na fedha za kulipia hukumu. BOC-3 humpa la kwanza, BMC-91 la pili. Ndiyo maana bima haikatwi kimyakimya: FMCSA hupewa notisi ya siku 30, na zikipita bila fomu mpya kuingia, kampuni hupoteza kibali, hata kama imekwisha kulipia bima nyingine.

Wapo wanaodai kwamba makaratasi hayazuii ajali, tena yanamwelemea mwenye lori moja. Lakini kuzuia ajali ni kazi ya ukaguzi, na kampuni mpya hufuatiliwa kwa miezi 18. Mzigo wa mdogo nao hautokani na fomu bali na gharama ya bima, na kumsamehe ni kumtwisha majeruhi hasara. Lawama yenye uzito zaidi ni kwamba dola 750,000 ni kiwango cha sheria ya mwaka 1980, ambacho thamani yake imeliwa na mfumuko wa bei. Hapo kinachohitaji kurekebishwa ni kiwango. Wajibu wa kuwasilisha hati unabaki na sababu yake.