Yule Mtu wa Mkuki: Carl Jung Alipopita Kwetu 1925

Mwishoni mwa mwaka 1925 treni ilitoka Mombasa jioni kuelekea Nairobi. Ndani yake alikuwemo daktari mmoja Mswisi, mtu wa miwani na kiko, aliyekuwa ametimiza miaka 50 mwezi wa Julai. Alfajiri akaamka. Treni ilikuwa inazunguka jabali jekundu, vumbi jekundu limeizingira pande zote, na juu ya mwamba alisimama mwanamume mwembamba, mweusi, ameegemea mkuki mrefu, anaitazama treni ikipita. Basi, ni hivyo tu. Hawakusalimiana wala hawakuonana tena.

Lakini daktari yule, Carl Gustav Jung, alimbeba mtu huyo kichwani miaka 30 na zaidi. Akiwa mzee anasimulia kumbukumbu zake, alisema alijihisi kama anarudi katika nchi ya ujana wake, na kama yule mtu alikuwa akimsubiri kwa miaka 5,000.

Miaka elfu tano, jamani! Reli ile ilifika Nairobi mwaka 1899. Yule bwana wa mkuki huenda alikuwa ameshaliona treni mara mia. Pengine alikuwa anachunga tu. Ila ukitaka kumwelewa Jung, anzia hapo, maana hapo yamo mazuri yake yote na pia tatizo lake.

Kazi ya Jung ilianzia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, Zürich. Pale alikuwa anamtajia mtu neno moja, kisha anapima kwa saa muda anaochukua kujibu kwa neno la kwanza linalomjia. "Maji", anajibu haraka. "Mama", anakwama. Pale alipokwama, Jung aligundua, pana fundo la hisia: woga, aibu, hasira ambayo mwenyewe hajui kama anayo. Baadaye akaenda mbali zaidi. Akasema chini ya mafundo ya kila mtu kuna sura ambazo binadamu wote tunazaliwa nazo, akaziita arketaipu. Mama, mzee mwenye hekima, shujaa, mjanja (sisi tunamjua huyu, ni sungura wa hadithi). Na kivuli, yaani ule upande wetu tusioutaka, ambao tunapenda kumbandika jirani.

Sasa, kama sura hizo ni za watu wote, lazima azione nje ya Ulaya. Ndiyo maana akaja, yeye na wenzake wachache, hadi mlima Elgon. Serikali ya Uingereza ikaupa msafara jina zito la uchunguzi wa saikolojia wa Bugishu. Wakapiga kambi kwa watu aliowaita Waelgonyi, ambao leo tunawajua kama Wasabaot. Kila siku watu walikuja kukaa kwenye vigoda wazungumze, na yeye akajikokota na Kiswahili chake cha kamusi ndogo. Kikao chenyewe alikiita shauri, na neno hilo limebaki hivyo hivyo kitabuni mwake.

Aliuliza dini yao. Hakupata jibu la maana. Halafu akaambiwa kwamba asubuhi, jua linapochomoza, mtu hutoka nje, hutemea mate viganjani au huvipulizia kwa nguvu, kisha huviinua kulielekea jua. Kwa nini? Hawakuweza kueleza, ndivyo ilivyokuwa siku zote. Jung akabisha: kumbe jua ndilo Mungu, hata likiwa kule juu mchana? Wakacheka. Ni ile dakika ya kuchomoza tu. Hapo mimi namvulia kofia, kwa sababu hakudharau. Aliona kwamba hisia ilitangulia maelezo: usiku ni hofu, na mwanga unapotoka moyo unajibu kabla ya akili.

Miaka michache baadaye aliandika kuhusu hatua za maisha, na jua likarudi. Asubuhi linapanda, ndio ujana, unatafuta kazi, jina, nyumba. Adhuhuri linaanza kushuka, na yaliyokuwa kweli asubuhi hayakutoshi tena jioni. Akalalamika kwamba hakuna shule ya watu wa miaka 40 ya kuwaandaa kwa nusu ya pili. Nikisoma hapo huwa nacheka kidogo. Wale wazee wa kwenye vigoda walikuwa watu wa marika! Kutoka jando hadi uzee kila mtu alijua yuko ngazi gani na anadaiwa nini. Shule aliyokuwa anaitafuta ilikuwa imeketi mbele yake.

Mmoja wao, mganga mzee aliyevaa joho zuri la ngozi za kima, aliulizwa kuhusu ndoto. Machozi yakamlengalenga. Zamani, akasema, waganga waliota, wakajua kama kuna vita, maradhi au mvua, na ng'ombe wapelekwe wapi. Tangu wazungu waje hakuna anayeota. Hakuna haja tena, kwa kuwa sasa Waingereza ndio wanaojua kila kitu. Jung alielewa kabisa kilichovunjika pale: mkuu wa wilaya amechukua nafasi ya sauti iliyokuwa inawaongoza. Jina la mzee hakutuachia.

Na yeye mwenyewe je, aliota nini Afrika? Hapa ndipo pananoga. Safari nzima ndoto zake zilimrudisha kwao. Mtu mweusi alimtokea mara moja tu, naye alikuwa kinyozi Mmarekani aliyewahi kumnyoa Chattanooga, Tennessee, miaka mingi nyuma. Kinyozi ameshika chuma cha moto, anataka kuzisokota nywele za daktari ziwe za kipilipili. Jung akaamka kwa hofu. Akalisoma kuwa onyo kwamba Afrika inataka kummeza, kwamba nafsi yake ya Kizungu iko hatarini.

Mwalimu wa kivuli, kivuli chake kikamtokea na chuma cha moto, akatafuta maana nzuri ya kukikimbia. Alikuwa amevuka bahari kuwatazama Waafrika, lakini kufanana nao hata kwa nywele kukamtoa jasho.

Kutoka Elgon msafara ulishuka kupitia Uganda, ukafuata Nile hadi Misri. Jung alifariki 1961, na kitabu cha kumbukumbu kikatoka baada yake. Wamo humo yule wa mwambani, mganga wa joho la kima na kinyozi wa Chattanooga, wote watatu bila majina. Wa mwambani hakuulizwa hata kama anaelekea malishoni au anarudi.