Kupona baada ya upasuaji wa mifupa

Safari ya kupona huanza mara mgonjwa anapotoka chumba cha upasuaji, na huwa ndefu kuliko ndugu zake walivyotarajia. Mfupa wa mkono huunga kwa takriban wiki 6 hadi 8. Wa paja au muundi huchukua miezi 3, pengine zaidi.

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, una uzoefu mkubwa wa upasuaji wa mifupa, mwingi wake wa kusikitisha. Hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa mwaka 2000 na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn, iliharibiwa na lava ya volkano ya Nyiragongo Januari 2002, ikajengwa upya. Katika hospitali ya CBCA Ndosho, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikiwapasua majeruhi wa vita tangu 2012.

Risasi husaga mfupa na kuingiza uchafu. Ndiyo maana mguu mara nyingi hushikiliwa kwa vyuma vya nje: vipini vinatokeza kwenye ngozi, na pale kila kimoja kinapoingia hapana budi kusafishwa kwa chachi safi.

Maumivu na uvimbe wa siku za mwanzo ni kawaida. Usaha, homa, vidole vilivyokufa ganzi au shavu la mguu lililovimba ghafla si kawaida. Mgonjwa arudi hospitali mara moja.

Kisha yaja magongo. Mazoezi hufanyika kwenye sakafu laini ya wodi, ilhali nyumbani, huko Goma, kunamngoja mgonjwa uwanja wa mawe meusi ya lava, yenye ncha na mashimo.