Nani hulipia chakula cha Kakuma?

1/ Kila tukifika kwa bajeti, kuna mtu lazima aseme wakimbizi wanakula kodi yetu. Hebu tupitie historia kidogo, ndio tubishane vizuri.

2/ Kambi za Dadaab zilianza 1991, Somalia iliposambaratika. Kakuma, kule Turkana, ikafuata 1992, vijana waliokimbia vita Sudan walipofika. Zote zilidhaniwa ni za muda tu.

3/ Chakula huko hutolewa na WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Hakuna nchi inayolazimishwa kulichangia. Linaishi kwa michango ya hiari, na kwa miaka mingi mchangiaji mkubwa amekuwa Marekani.

4/ Sasa shida iko hapa. Sheria yetu ya 2006 ilifanya kuishi nje ya kambi bila ruhusa kuwa kosa. Kibali cha kazi nacho wengi hawakupata. Kwa hivyo mtu akabaki na mgao pekee.

5/ Mgao ulikuwa umeshapunguzwa mara kadhaa. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, ukapungua zaidi, na watu wa Kakuma wakaandamana.

6/ Sheria ya 2021 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi. So mwanasiasa akikuambia mashirika yatafute pesa kwingine, muulize vibali vimefika wapi. Tunasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sawa, lakini huyu tulimkataza kutafuta chake.