Umeme Usiolala

Katika kabati la vitabu vyangu kuna chombo ambacho wajukuu hukiita jiko, kwa sababu kikiwashwa hutoa joto na wekundu mdogo kama wa makaa. Si jiko. Ni amplifaya ya valvu, au ya taa kama tulivyozoea kusema zamani, niliyoiunda pamoja na wanachuo wangu mwaka 1976, nilipokuwa mkufunzi kijana wa fizikia katika chuo cha ualimu. Nimekusudia kueleza historia ya chombo hiki. Lakini historia ya chombo chochote haitengani na historia ya makosa ya waliokiunda, na mimi ni mmoja wao.

Tuanzie mbali. Mwaka 1883 Thomas Edison, huko Marekani, alikuwa akichunguza taa zake za umeme. Alitia ndani ya globu kipande cha chuma kisichogusa uzi unaowaka, akaona kuwa umeme unavuka ombwe kutoka kwenye uzi hadi kwenye chuma. Aliomba hataza, kisha akaliacha jambo lenyewe. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alilitumia jambo hilo kuunda kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, mfano wa vali ya tairi inayoruhusu upepo kuingia lakini usitoke. Hiyo ndiyo asili ya jina valvu.

Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliweka wavu mwembamba wa waya katikati ya uzi na kile chuma. Nyongeza hiyo ndogo ilibadili dunia. Umeme dhaifu ukitiwa kwenye wavu huutawala umeme mkubwa unaopita, kama vile mkono wa mtoto unavyoweza kufungua bomba la maji ya kijiji kizima. Ajabu ni kwamba de Forest mwenyewe hakukielewa vizuri alichokiunda. Aliamini kuwa gesi kidogo iliyobaki ndani ya globu ndiyo ifanyayo kazi. Mwaka 1912 Harold Arnold, mtaalamu wa kampuni ya simu, alikitazama kifaa hicho akaona kinyume chake: gesi ndiyo iliyokuwa ikikwamisha. Hewa ilipotolewa barabara, valvu zikaweza kukuza sauti njiani, na tarehe 25 Januari 1915 simu ya kutoka New York hadi San Francisco ikafunguliwa rasmi.

Hata hivyo lilibaki tatizo moja. Valvu hukuza sauti, lakini pia huipotosha. Tarehe 2 Agosti 1927 kijana mhandisi, Harold Black, alikuwa ndani ya kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini. Wazo likamjia, akalichora papo hapo juu ya ukurasa wa gazeti. Wazo lilikuwa hili: chukua sehemu ya sauti inayotoka, irudishe mwanzoni kwa kinyume, ili amplifaya ilinganishe ilichotoa na ilichopewa, ijisahihishe. Utapoteza nguvu kiasi, lakini utapata ukweli. Wengi hawakusadiki kuwa mtu mwenye akili angejenga kifaa cha kukuza halafu akipunguze nguvu kwa makusudi. Aliomba hataza mwaka 1928, akaipata mwaka 1937.

Kwa njia hiyo ya mrejesho, D. T. N. Williamson wa Uingereza alichapisha mwaka 1947, katika jarida la Wireless World, mchoro wa amplifaya ya wati 15 ambao mafundi wa nyumbani waliujenga katika nchi nyingi. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, transista ilizaliwa huko Marekani, na siku za valvu zikaanza kuhesabika.

Kwa hiyo mwaka 1976 sisi tulikuwa tukiunda kitu ambacho ulimwengu ulikuwa ukikitupa. Hatukuwa na budi. Chuo chetu hakikuwa na kipaza sauti cha mahafali, fedha hazikuwapo, na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 ilitutaka tutumie kilichopo. Kilichokuwapo ni redio kuukuu stoo, kubwa kama sanduku la nguo.

Ndani yake tulipata transfoma mbili, spika ya omu 4, na valvu ya mwisho aina ya EL84. Ubaoni tulipiga hesabu. Valvu hiyo hupenda volti 250 na miliampea 48, yaani wati 12, ambazo ndizo kikomo chake. Huhitaji kuona mzigo wa omu 5,200 hivi. Ukigawa kwa 4 unapata 1,300, na kipeuo cha pili cha 1,300 ni 36. Basi transfoma ya spika yapasa kuwa na mizunguko 36 upande mmoja kwa kila mzunguko mmoja upande wa pili. Tulipoipima ile ya redio tukakuta inakaribia sana, wanachuo wakapiga makofi. Sijapata tena kuona hesabu ya kipeuo cha pili ikishangiliwa.

Vipuri vilivyopungua nilivifuata kwa fundi redio mjini, mzee ambaye hakuvuka darasa la nne. Aliutazama mchoro wangu, akaweka kidole penye kapasita mbili kubwa.

“Mwalimu,” akasema, “umeme wa taa haulali pamoja na swichi. Weka rezista hapa uumwage.”

Nilimshukuru kwa adabu, moyoni nikamdharau. Mimi ndiye niliyesoma fizikia. Nilijua kwamba amplifaya ikizimwa, valvu zenyewe hubaki na joto kwa muda na kuunywa umeme uliobaki. Nilijua kweli. Nilichosahau ni kuwa siku nyingine valvu huwa hazimo.

Siku hiyo ilifika. Amplifaya ilikuwa ikivuma kama nyuki, na ili kutafuta chanzo tukazichomoa valvu za kukuzia, tukabakiza ile ya kunyoosha umeme. Bila mzigo, volti 250 za transfoma zilipanda hadi 350 hivi ndani ya kapasita. Mwanachuo mmoja aliuliza, “Mwalimu, tukizima, umeme uliomo unakwenda wapi?” Nikamjibu kuwa tumeshazima, aendelee. Akapeleka mkono.

Alirushwa nyuma, akaanguka baina ya madawati. Kwa muda ambao sitausahau hakusema neno. Kisha akavuta pumzi, na Mungu ni mwema, akainuka na vidole vilivyoungua tu.

Mkuu wa chuo alipouliza, nilisema kijana alikuwa mzembe. Kijana alikuwapo, akanitazama, akanyamaza, kwa kuwa siku zile mwanachuo hakumkanusha mkufunzi mbele ya mkuu. Usiku ule nilifunga rezista ya omu 220,000, kitu kisichozidi nusu ya njiti ya kiberiti. Huumwaga umeme wote ndani ya dakika mbili. Ilinichukua wiki tatu kwenda kwa mkuu na kusema kweli, na kumwomba radhi yule kijana mbele ya wenzake. Wiki tatu, kwa neno ambalo lingesemwa kwa nusu dakika.

Baadaye nami nilikuwa mkuu wa chuo, na nilisomesha habari za Harold Black mara nyingi. Nilieleza vizuri jinsi mashine inavyorudishiwa sauti yake ili ijirekebishe. Lakini naungama kuwa siku ile nilikuwa nimerudishiwa mara mbili, kwanza na fundi wa darasa la nne, kisha na mwanafunzi aliyeuliza swali sahihi kwa wakati sahihi, na mara zote mbili nilijiona nikipunguziwa nguvu. Sikuona kuwa nilikuwa nikisahihishwa.

Amplifaya ilifanya kazi mahafali ya mwaka ule, ingawa wati zake zilikuwa chache na waliokaa nyuma walilalamika. Sasa huiwasha mara mojamoja kusikiliza santuri. Nikiizima, huwazuia wajukuu wasiiguse mpaka dakika mbili zipite. Huuliza kwa nini, nami huwajibu swali lao lote, mpaka mwisho.