Matone 7 kwa dakika: historia fupi ya saa ya antibiotiki

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na leo sileti habari za seva wala hifadhidata. Naleta hesabu ya dripu, kwa sababu imeniingiza kwenye historia ambayo hakuna mwalimu wa sayansi ya kompyuta aliyewahi kunisimulia.

Ilianza hivi. Nilisoma kwamba katika hospitali kubwa za ng'ambo, wagonjwa mahututi sasa wanapewa baadhi ya antibiotiki kwa dripu isiyokatika, usiku na mchana, badala ya sindano kila baada ya saa 6 au 8. Mimi kama mtu wa programu nikaelewa mara moja: badala ya kazi ya cron inayoamka kila baada ya muda fulani, unaacha mkondo wazi. Nikakaa jioni moja nikaandika kiprogramu cha simu. Unaingiza mililita na saa, kinakupa matone kwa dakika. Mililita 500 kwa saa 24, mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita: 500 mara 20, gawanya kwa dakika 1,440. Jibu ni 6.94. Nikakadiria kuwa 7.

Nikampelekea shangazi yangu, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi Kitui na Makueni miaka mingi. Akaitazama simu, akauliza, "Na mpira ukiwa wa matone 15?"

Sikuwa na jibu. Ile 20 nilikuwa nimeiandika ndani ya msimbo kabisa, kosa ambalo ningemcheka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mipira ya watu wazima ipo ya 20 na ipo ya 15. Ile ya watoto hutoa 60. Ukihesabu matone 7 kwa mpira wa 15, chupa iliyopaswa kukaa saa 24 inaisha kwa takriban saa 18. Mgonjwa anakaa saa 6 bila dawa, na karatasi ya wadi inasema anaipata.

Je, saa 6 ni nyingi? Hapo ndipo historia inapoanza.

Tarehe 12 Februari 1941, mjini Oxford, Uingereza, askari polisi aitwaye Albert Alexander alianza kupewa penisilini kwenye mshipa. Alikuwa amejaa usaha usoni, na jicho moja lilikuwa limetolewa. Baada ya siku chache alianza kupata nafuu. Lakini figo huitoa penisilini haraka mno. Nusu yake huondoka mwilini kwa takriban dakika 30. Watafiti walikuwa wakikusanya mkojo wake, wanatoa penisilini iliyomo na kumrudishia. Haikutosha. Dawa iliisha, ugonjwa ukarudi, na akafariki tarehe 15 Machi 1941.

Piga hesabu mwenyewe. Dakika 30 ni nusu. Saa 6 ni nusu mara 12. Kinachobaki ni sehemu 1 kati ya 4,096. Ni kujaza mtungi uliotoboka. Ndiyo maana madaktari wa miaka ile ya 1940 walijaribu dripu ya penisilini ya mfululizo. Kwa hiyo nilichodhani ni teknolojia mpya ni cha umri wa babu zetu.

Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, Mmarekani Harry Eagle alionyesha kwa majaribio ya wanyama jambo ambalo bado linafundishwa: kwa penisilini, cha maana si kilele cha dawa kwenye damu bali muda ambao dawa inakaa juu ya kiwango kinachoua bakteria. Ukishapita kiwango hicho vya kutosha, kuongeza dozi mara kumi hakukupi faida kubwa. Kuongeza muda kunakupa.

Basi kwa nini dripu ile haikuenea? Kwa sababu dawa ilikuwa rahisi zaidi kubadilisha kuliko wadi. Penisilini ilipopatikana kwa wingi, dozi kubwa kila baada ya saa 4 au 6 ilitosha kwa wagonjwa wengi. Kisha wakemia wakatengeneza penisilini zinazotoka polepole kwenye msuli, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja benzathini penisilini, ambayo sindano moja hukaa mwilini wiki kadhaa. Ni ile ile wanayochomwa kila wiki 3 au 4 wagonjwa wa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Nilipomwambia shangazi kwamba hiyo kimsingi ni dripu ya mfululizo isiyo na chupa, alicheka. Alisema amewachoma vijana wengi sindano hiyo, na hakuna hata mmoja aliyelala hospitalini kwa ajili yake.

Lakini si kila antibiotiki ina saa moja. Gentamisini ni kinyume. Hiyo inataka kilele kirefu, na hata ikishuka bakteria hukaa wamelewa kwa muda. Hospitali ya Kilifi ilifanya jaribio kwa watoto wachanga, likachapishwa mwaka 2004, kulinganisha dozi moja kwa siku na dozi nyingi. Dozi moja ilifaa. Ndiyo maana mwongozo wa Kenya wa kutibu watoto unaandika, kwa mtoto yule yule, penisilini kila baada ya saa 6 na gentamisini mara moja kwa saa 24. Kitanda kimoja, dawa mbili, saa mbili tofauti.

Sasa tazama mwelekeo wa historia yetu hapa nyumbani.

Kwinini ya malaria kali ilitolewa kwa dripu ya polepole ya saa 4, tena kila baada ya saa 8, na ikienda mbio ilihatarisha moyo na kushusha sukari. Wauguzi walihesabu matone. Mwaka 2010 jaribio la AQUAMAT, lililohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, lilionyesha kwamba artesuneti ya sindano iliokoa zaidi: vifo asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Dripu ile ikaondoka.

Kala-azar, ambayo Kitui inaijua tangu mlipuko wa miaka ya 1950, ilitibiwa kwa sindano za kila siku kwa siku 30. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa Afrika Mashariki kuongeza paromomaisini, antibiotiki ya ukoo wa gentamisini, na matibabu yakashuka hadi siku 17. Kenya ilishiriki majaribio hayo.

Na mwaka 2015, utafiti wa watoto 527 katika hospitali 6 za Kenya ulionyesha kwamba kwa nimonia ya kifua kubonyea, amoksilini ya kunywa haikuwa duni kuliko penisilini ya sindano.

Umeona? Sisi tumekuwa tukiondoa sindano na dripu. Wenzetu wa ng'ambo wanaongeza. Jaribio la BLING III, lililochapishwa Juni 2024, liliandikisha wagonjwa mahututi 7,202 katika nchi 7: Australia, Ubelgiji, Ufaransa, Malaysia, New Zealand, Sweden na Uingereza. Waliopewa kwa mfululizo walikufa asilimia 24.9 ndani ya siku 90. Waliopewa kwa vipindi asilimia 26.8. Tofauti hiyo peke yake haikutosha kukata shauri, lakini uchambuzi uliojumlisha majaribio 18 ulielekea upande wa mfululizo.

Mwanzoni niliona historia hizi mbili zinapingana. Sasa naona ni swali moja: dawa inataka saa gani, na kuna mikono mingapi ya kuitunza? Kwenye wodi za BLING III kila kitanda kina pampu na muuguzi karibu. Mgonjwa huanza na dozi kubwa ya kujaza damu, kisha pampu inaendelea. Bila pampu, unategemea matone 7, ambapo kukosea tone moja ni kukosea asilimia 14. Ongeza joto: Makindu au Mutomo msimu wa kiangazi nyuzi hupita 30, na meropenemu iliyochanganywa huanza kuharibika ndani ya saa chache. Chupa ya saa 24 ingekuwa na dawa kamili asubuhi na dawa pungufu usiku.

Shangazi alilisema kwa ufupi. "Mwanangu, muuguzi ni mmoja na vitanda ni thelathini. Saa nane usiku hayo matone yako nani atayahesabu? Nisaidie kwanza dozi ya saa nane itolewe saa nane."

Tangu 2013 hospitali hizi ziko chini ya serikali za kaunti, na uamuzi wa kununua pampu au kuajiri wauguzi unafanywa Kitui mjini na Wote. Ningependa chumba cha wagonjwa mahututi kiwe na pampu. Lakini kwa wadi ya kawaida, kushika saa ya sindano ni hatua ya kwanza, nayo haihitaji chupa.

Kile kiprogramu nimekifuta. Kipya hakihesabu matone. Kinaorodhesha dozi zinazokaribia na zilizochelewa, kitanda kwa kitanda. Ni cron tu, kwa kweli. Shangazi anakikagua, na tayari amepata makosa mawili.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata.